Mafuta ya Habaryar Saynab

Garissa
20 Februari 1997

Kwa mpendwa habaryar Saynab,

Assalaam aleykum warahmatullah. Idd ilipita vizuri? Goti lako la kushoto linasemaje, na kisima bado kina maji? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Mume wangu Mustafe anakusalimu. Bado ni karani ofisi ya mifugo, na joto la Garissa bado linatukaanga pamoja na sambusa.

Barua yako niliipokea kwa dereva Alio. Nilipoona ni mwandiko wako mwenyewe, nilikaa chini. Miaka ishirini na miwili umenilea, tangu mama yangu alipofariki nikiwa bado nanyonya, na sijawahi kukuona umeshika kalamu. Sasa unasoma ngumbaru na unaniandikia Kiswahili! Nimeisoma mara tatu. Herufi zako zimesimama wima kama ngamia kisimani.

Habaryar, nina ombi. Jirani yetu Weris, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, alijifungua mtoto wa kike mwezi wa kumi. Sasa nywele zinamtoka kwa mafungu. Kila asubuhi anaziokota kwenye mto. Amefikia kufunga shashi kichwani hata akiwa ndani na mumewe. Juzi aliniona uani nikichana nywele zangu, akaniuliza nazipaka nini. Nilimwambia ni mafuta ya habaryar yangu wa Wajir, ambaye ana zaidi ya miaka sitini na nywele zake zinafika kiunoni. Akaanza kulia. Nitumie mtungi mdogo, nami nitampa yeye na wanawake wawili watatu wa hapa mtaani ambao wameniomba.

Mwanao,
habaryar, Ruweyda


Wajir
11 Machi 1997

Habaryar Ruweyda,

Waaleykum salaam. Goti linasema mvua iko mbali. Kisima kina maji ya kutosha watu, si ya kutosha ngamia. Mimi nashukuru.

Mwalimu wetu wa ngumbaru, mtu wa Kitui, aliona jina nililoandika hapo juu akaniuliza kwa nini nakuita habaryar na hali mama mdogo ni mimi. Nikamwambia kwetu jina la heshima linakwenda na kurudi. Akasema basi andika hivyo hivyo. Angalau Kiswahili naweza kukiandika. Kisomali nimezaliwa nacho lakini hakuna aliyenifundisha herufi zake.

Mtungi anao Alio. Ndani kuna mafuta ya simsim ya Rhamu. Nimeyalowekea malmal, yale manemane, iliyopondwa na habasoda, nikayaweka juani siku arobaini. Mwisho nimetia mafuta ya karafuu, na hapo ndipo akili inapohitajika. Ni matone matano kwa chupa nzima ya soda. Si sita. Mafuta ya karafuu ni kama askari. Mmoja analinda nyumba, ishirini wanaipora.

Mwambie Weris asiogope. Nywele za mzazi huanguka, na nyingi hurudi hata asipopaka kitu. Mafuta yanatuliza ngozi tu, hayaziamrishi nywele. Aoshe kichwa kwa qasili, yale majani ya mkunazi yaliyosagwa, kisha apake kidogo kwa ncha za vidole, mara mbili kwa wiki. Asubiri miezi mitatu. Anayetaka wiki moja, mwambie hana dawa kwangu.

Habaryar yako,
Saynab


Garissa
2 Juni 1997

Habaryar mpenzi,

Assalaam aleykum. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na goti limekusahau kidogo. Sisi ni wazima.

Ungeona mlango wangu baada ya swala ya alasiri! Wanawake wanakuja na watoto wao wenye mba, na wengine wanatoka ng'ambo ya daraja. Hapa mtaani wananiita daktari wa nywele. Mimi, ambaye shuleni nilikuwa nakaa nyuma ili nisiulizwe swali. Nimemwambia kila mtu ni mafuta ya Saynab wa Wajir, jina lako linajulikana hadi sokoni. Mustafe anacheka, anasema siku moja atagombea udiwani kwa jina lako.

Mtungi umekwisha, na ule wa pili umefika nusu. Tafadhali tuma mwingine haraka. Na jambo moja, usinikasirikie. Wanawake wanasema mafuta yetu hayawashi. Yale ya dukani yanawasha, na wao wanaamini yakiwasha ndiyo yanafanya kazi. Weris naye ameona nywele changa kwenye paji la uso, lakini analalamika ni polepole mno, na mumewe anarudi kutoka Mandera mwezi wa nane. Je, tukiongeza karafuu? Au mafuta ya mkaratusi, yale ya kifua? Yanapatikana dukani hapa.

Ni mimi,
habaryar, Ruweyda


Wajir
30 Juni 1997

Habaryar Ruweyda,

Waaleykum salaam. Mimi mzima. Ng'ombe wa watu wanaanguka kwa ukame, tuombe dua.

Jibu ni hapana. Ngozi ya kichwa si ngozi ya wayo. Usiongeze karafuu, na mkaratusi mimi situmii kabisa, usiukaribishe. Kitu kikiwasha, mwili unaomba msaada, hauimbi.

Mafuta ya kutuma sina. Simsim ya Rhamu haijaja tangu mwezi wa nne. Waambie wanawake wangoje mvua. Na hilo jina la daktari, liogope. Mtu akikuita jina kubwa kuliko wewe, utajikuta unakimbia ulijaze.

Habaryar yako,
Saynab


Wajir
18 Septemba 1997

Ruweyda,

Assalaam aleykum. Sijapata barua yako tangu mwezi wa sita. Nimesikia habari zako kwa kinywa cha mtu mwingine.

Jumanne nilikuwa nimekaa uani na akina mama sita. Khadijo, jirani yangu unayemjua, alikuwa amemleta mjukuu wake, nami nilikuwa nampaka mafuta kidogo yaliyobaki. Mwanamume akasimama mlangoni. Nikamkaribisha, hakuketi.

"Wewe ndiye Saynab wa mafuta?"

"Ndimi."

"Mimi ni Korane, nimekuja Wajir kununua ngamia. Weris wa Garissa ni mke wa ndugu yangu. Amelala hospitali siku tisa kwa ajili yako. Kichwa chake kimebabuka kama mbuzi aliyemwagiwa maji moto. Utosini hakuna nywele, na daktari anasema huenda zisiote tena. Nyumba nzima ya ndugu yangu inajua jina lako. Nimetaka nikuone uso tu."

Nilimwuliza nani alimwambia mafuta ni yangu. Akasema, "Aliyempa. Binti uliyemlea. Alituambia kwa kinywa chake, mafuta yanatoka kwa habaryar yangu, mimi nayagawa tu."

Akaenda. Khadijo akamvuta mjukuu wake kutoka magotini pangu, akampangusa kichwa kwa pindo la nguo yake, akapangusa tena na tena mpaka mtoto akalia. Kisha akaondoka. Wale watano wakamfuata. Afadhali wangenitukana.

Habaryar, nimekosea wapi? Mkono wangu umetetemeka, nimehesabu vibaya matone? Macho yangu ya siku hizi siyaamini sana. Nitumie chupa moja ya yale aliyopaka huyo binti. Nataka kujua kosa langu.

Saynab


Garissa
27 Septemba 1997

Habaryar,

Waaleykum salaam. Natumaini u mzima. Pole sana kwa yaliyokufika.

Sikuandika kwa sababu sikutaka uumie. Weris ametoka hospitali. Kila siku naenda kumsafisha vidonda kwa maji ya chumvi. Kilichotokea sikijui. Labda mtungi wa mwisho ulikuwa mkali kidogo. Umri nao ni umri, habaryar, hakuna anayekulaumu.

Chupa uliyoomba anayo Alio. Usijisumbue nayo sana.

Ruweyda


Wajir
19 Oktoba 1997

Habaryar Ruweyda,

Assalaam aleykum. Usistuke kwa mwandiko, anayeandika ni mwalimu wa ngumbaru, mimi namtajia maneno. Jicho moja limevimba, lakini linapungua.

Chupa ilifika. Niliifungua nikainusa, nikasikia mkaratusi. Nikajiambia, Saynab, nyumbani kwako hakujawahi kuingia mkaratusi. Nikanusa tena. Kisha nikajiambia, msichana niliyemlea hawezi kunitumia chupa ambayo si yangu. Basi pua ndiyo imezeeka pamoja na macho. Niliona afadhali hivyo.

Lakini kosa langu nilikuwa bado silijui. Nikafikiri, yule Weris alihisi nini? Mimi nimempa mtoto wa watu kitu ambacho sijui maumivu yake. Basi baada ya alasiri nilifungua nywele, nikapaka kichwa kizima kama anavyopaka mtu mwenye haraka. Nikaketi. Kwanza palikuwa na baridi kama mnanaa. Kisha pakawaka moto. Nilitaka kunawa, nikasema hapana, yeye alingoja, nami ningoje mpaka adhana ya magharibi. Sikufika. Khadijo alinisikia, akaja mbio akanimwagia maji, yeye ambaye alikuwa hanisalimu. Mafuta yaliteremka hadi kwenye jicho.

Nywele zimetoka pamoja na ngozi. Zilizobaki nimeambiwa zikatwe ili vidonda vipate hewa. Zimekatwa. Sasa nina kichwa kama cha mtoto wa siku arobaini.

Sasa najua nilimfanyia nini. Mafuta yote yaliyokuwa ndani nimeyamwaga, na malmal nimewapa watu wafukize. Sitapaka mtu tena. Ukimwona Weris mwambie bibi wa Wajir anamwomba radhi, na kwamba ameonja.

Habaryar yako,
Saynab


Garissa
2 Novemba 1997

Habaryar Saynab,

Assalaam aleykum. Sikuulizi habari ya afya, maana anayeuliza ndiye aliyeiharibu.

Pua yako haikuzeeka. Ni mkaratusi. Niliutia mimi.

Mtungi wako wa mwisho ulikwisha mwezi wa sita. Uliponiandikia kwamba simsim hakuna, nilikuwa nimeshaanza. Nilichukua mafuta ya kupikia, nikatia mafuta ya karafuu na ya mkaratusi kutoka dukani, na unga wa malmal kidogo ili yafanane rangi na yako. Sikuhesabu matone, nilimimina. Wanawake walipopaka wakasema, wallahi haya sasa yanafanya kazi, yanawaka! Nikafurahi. Kila mmoja nilimwambia ni mafuta ya Saynab wa Wajir.

Weris alikuja mwezi wa nane, siku nne kabla mumewe hajafika. Akaniambia, "Ruweyda, nipe yale makali zaidi." Nikamtilia chupa karafuu zaidi mbele ya macho yake, nikamwambia apake, afunge shashi, alale nayo. Asubuhi nilimsikia kupitia ukuta.

Korane aliponiuliza hospitalini, jina lako lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nilikuwa nimelitaja miezi yote, likatoka lenyewe. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini mara ya pili aliponiuliza nilikuwa nimepata muda wa kufikiri, na bado nikalitaja.

Uliponiomba chupa niliogopa kwamba nisipotuma utanishuku. Nilidhani utanusa tu. Mkono wangu ndio uliofunga kifuniko, na niliposoma kwamba ulikaa ukingoja adhana, nilitoka nje nikasimama juani bila kujua nasimamia nini. Mustafe alinikuta hapo. Nimemwambia yote. Hajanisemesha tangu jana ila kwa mambo ya nyumba.

Sikuombi kitu. Nataka ujue tu kwamba mkono wako haukutetemeka.

Ruweyda


Wajir
12 Desemba 1997

Habaryar Ruweyda,

Assalaam aleykum. Bado sijapata barua yako, na najua sababu. Mvua hii haijawahi kuonekana. Wajir yote ni ziwa, maji ya visima yamechanganyika na maji ya vyoo. Mbu wanatutafuna. Wanasema lori la Alio limezama kwenye tope kabla ya Habaswein, yeye alitoka akiogelea na mizigo yote ikabaki. Mbuzi wangu wanane wamekufa kwa ugonjwa uliokuja na mafuriko, unaowatoa damu puani. Watu pia wanakufa. Namshukuru Mungu u upande wa Garissa, ingawa nasikia Tana nao umetoka kitandani mwake.

Mwandiko huu ni wangu, jicho limepona. Naituma kwa nesi aliyekuja na ndege ya chakula cha msaada, anarudi kwenu.

Nataka kukuomba radhi, habaryar. Nimefikiri sana nikiwa ndani na mvua. Nilikutuma uuze jina langu kabla sijaupima mkono wangu wa uzeeni. Wewe ndiye unayekaa ukuta mmoja na yule binti, wewe ndiye unayetazamwa sokoni. Nilikulea usiwe na aibu ya mtu, kisha nikakutwisha yangu. Na bado ukaenda kumsafisha vidonda. Nilisoma sehemu hiyo ya barua yako nikasema, angalau huyu nilimlea vizuri.

Nisamehe.

Habaryar yako,
Saynab


Garissa
25 Januari 1998

Habaryar,

Assalaam aleykum. Ramadhani inakwisha na sijui kama unapata cha kufuturu. Mungu akulinde na ugonjwa huo. Huku maji yamepungua.

Barua yako ya Desemba imenifika kwa yule nesi. Basi barua yangu ya Novemba iko kwenye tope, na wewe umekaa wiki zote hizi ukiniomba radhi. Nairudia kwa maneno machache endapo ile haitafika kamwe. Mafuta yaliyomchoma Weris, na yaliyokuchoma wewe, niliyachanganya mimi kwa karafuu na mkaratusi wa dukani. Yako hayakumdhuru mtu. Nilijua tangu siku ya kwanza, na nikamwambia Korane ni wewe.

Ile sehemu ya barua uliyoipenda, ya vidonda, nilikwenda kwa sababu sikuweza kukaa. Haikuwa wema.

Wiki iliyopita nilimwendea Weris. Alikuwa ananyonyesha. Mumewe alikuwa ameketi mlangoni, hakutoka. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Weris akanisikiliza mpaka mwisho, akamhamisha mtoto ziwa la pili.

"Kwa hiyo siku zote hizo ukinisafisha," alisema, "mimi nilikuwa nakuombea dua wewe, na nikimlaani bibi nisiyemjua."

Nilisema ndiyo.

"Kila swala, Ruweyda. Kila swala nilimlaani."

Akavua shashi. Pembeni nywele zimeota, nzuri, nyeusi. Utosini pana upara wa ukubwa wa kiganja, na ngozi yake inang'aa. Akaniambia niangalie vizuri, kisha nitoke, na nisije tena mpaka aniite. Mumewe alisema atamweleza Korane. Weris hajaniita. Mtoto wao akilia namsikia, namtambua sauti, siwezi kwenda.

Nimewaambia pia wanawake wa sokoni, mmoja mmoja. Hakuna anayeniita daktari.

Barabara ikifunguka, niambie nifanye nini.

Ruweyda


Wajir
9 Machi 1998

Ruweyda,

Waaleykum salaam. Mimi mzima.

Lori limevutwa kutoka kwenye tope na mfuko wa barua ulikuwa juu, kwenye paa. Ya Novemba imetoka humo, na Alio ameileta siku moja na ile ya Januari. Wino wa ile ya Novemba umetawanyika lakini inasomeka. Nilizisoma, nikazikunja, nikachukua fimbo kwenda kuwatazama mbuzi. Nilifika zizini ndipo nikakumbuka kwamba mbuzi sina.

Kichwa kinapona. Hakikuniuma kama ulivyodhani. Kilichoniuma ni kwamba pua yangu ilisema kweli nami nikaiita mwongo kwa sababu yako. Miezi mitano nimetembea humu nikijiona mzee asiye na kazi. Nimetia chumvi chunguni mara mbili kwa kutouamini mkono wangu. Mtoto wa Khadijo alifariki kwa ule ugonjwa, na wanawake walipokwenda kumwosha hawakuniita, mimi ambaye nimewaosha maiti wa mtaa huu miaka thelathini. Walisema mikono yangu haina usalama. Nilikubali.

Sijawaambia neno. Ukinitaka nikusemee, sitakusemea. Uliposema uongo ulitumia mdomo, si karatasi. Njoo uuseme ukweli kwa mdomo, uani kwangu, mbele ya wanawake hawa.

Saynab


Wajir
27 Aprili 1998

Habaryar Ruweyda,

Assalaam aleykum. Alio ameniambia ulifika Garissa salama, na kwamba njia nzima hukula kitu. Mustafe hajambo? Mwambie nimepokea sukari na majani ya chai, nashukuru.

Uliondoka na lori la alfajiri bila kuaga. Nilitoka kuchukua maji ya udhu nikakuta mkeka wako umekunjwa. Kwa hiyo hujui yaliyotokea baadaye, nami naona ni haki yako ujue.

Ulipomaliza kusema mbele ya wanawake, ulidhani wamenyamaza kwa kukuchukia wewe. Niliona ulivyotazama chini ukakimbilia ndani. Wewe ulishamaliza habari yako, wakabaki na ya kwao. Khadijo ndiye aliyeanza. Alisema, "Mtoto huyu ametoka Garissa kuja kujivua nguo mbele yetu. Sisi tulikuwa hapa, mlango kwa mlango, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza Saynab swali." Mmoja akasema wamwache kwanza mgeni apumzike. Wawili walikwenda zao, wamekasirika kwamba bibi mzima amelea mwongo, na hao hadi leo hawajarudi. Sitawafuata.

Asubuhi, ulipokuwa barabarani, Khadijo alikuja na beseni la qasili. Hakusema samahani, unamjua. Alisema, "Inama." Akaniosha kichwa. Nywele zimeota urefu wa punje ya mchele, zote nyeupe. Alisema nafanana na mwanakondoo. Kisha akaketi akamlilia mwanawe, na mimi nikamlilia, kwa mara ya kwanza pamoja.

Wiki jana aliniambia nitengeneze mafuta. Nilikataa. Akaniletea simsim ya Rhamu, imeanza kuja tena, akaiweka mlangoni akaenda.

Sasa nikujibu wewe. Uliwaomba radhi Weris, wanawake wa sokoni, na hawa wa hapa. Mimi uliniomba mbele ya watu wote, kisha ukakimbia kabla sijafungua mdomo. Ulifanya kama mtu anayetupa jiwe kisimani bila kungoja lilie.

Siku ile sikukusamehe. Nakwambia kweli, usije ukasikia vingine. Nilikutazama umelala nikaona ni yule yule niliyembeba mgongoni, na bado moyo ulikuwa umefungika. Nilifurahi kukuta umeondoka.

Juzi nikaanza kuyachuja mafuta hayo ya simsim, kabla ya kuyaweka juani. Bakuli nilikuwa nimelishika mkono wa kushoto, mtungi wa kulia, na mafuta yakaanza kumwagika ukingoni. Nikanyoosha kiwiko nyuma, nikasema, "Habaryar, shika kitambaa."

Hakuna aliyeshika. Mafuta yalimwagika hadi miguuni kwangu, simsim nzuri kabisa, na mimi nimesimama tu nikikungoja.

Ni hapo moyo ulipofunguka.

Habaryar yako,
Saynab